Nani Alimgeuza Mama Kuwa Mama wa Kambo?

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia vitabu vya ngano ambavyo watoto wetu wa shule za msingi hupewa kusoma kwa Kiswahili. Vingi vimeandikwa kwa lugha safi, vina picha za kupendeza na maswali ya ufahamu mwishoni. Hata hivyo, kuna mhusika mmoja anayenikera kila ninapokutana naye. Huyu ni mama wa kambo. Ukifungua ngano ya Hänsel na Gretel, yupo. Ukifungua ya Schneewittchen, yule binti mweupe kama theluji, yupo. Ukienda kwa Aschenputtel, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Cinderella, yupo pia. Daima ni katili, daima ana hila, na aghalabu mambo hayanyooki mpaka yeye aondoke.

Msomaji anaweza kuniuliza, "Kwani si ndivyo ngano zilivyo?" La, sivyo. Katika mbili kati ya ngano hizo tatu, mama huyo hakuwa wa kambo hapo mwanzo. Alikuwa mama mzazi. Aligeuzwa kwa kalamu. Mwaka unajulikana na aliyeshika kalamu anajulikana. Makala haya yanahusu kalamu hiyo, na jinsi kazi yake inavyomfikia mtoto aliyeketi darasani kule Bura, kaunti ya Tana River, karne mbili baadaye.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1812 ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wao uitwao Kinder- und Hausmärchen, yaani ngano za watoto na za nyumbani. Juzuu ya pili ilifuata mwaka 1815. Licha ya neno "watoto" kuwapo kwenye jalada, hiki hakikuwa kitabu cha watoto kwa maana tunayoijua leo. Hakikuwa na michoro ya kumvutia mtoto, na kilisheheni maelezo ya kitaalamu. Ndugu hao walikuwa wasomi wa lugha waliotaka kuhifadhi fasihi simulizi ya Wajerumani kabla haijapotea. Na wasimulizi wao, kinyume na tunavyoambiwa mara nyingi, wengi hawakuwa bibi vizee wa vijijini. Walikuwa mabinti wa familia zilizosoma mjini Kassel, kama vile za Wild na Hassenpflug, pamoja na Dorothea Viehmann, mke wa fundi wa kushona nguo.

Kitabu kilipofika majumbani, watu wakaanza kunung'unika. Eti haya ndiyo mambo ya kumsomea mtoto? Ndipo katika toleo la pili la mwaka 1819 Wilhelm, ambaye ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa uhariri, akaanza kupunguza, kuongeza na kulainisha. Mwaka 1823 Edgar Taylor alitoa tafsiri ya Kiingereza mjini London ikiwa na michoro ya George Cruikshank, nayo ikapendwa sana. Miaka miwili baadaye, 1825, ndugu Grimm walitoa toleo dogo la ngano 50 tu, likiwa na michoro ya ndugu yao Ludwig Emil, mahususi kwa watoto. Uhariri uliendelea hadi toleo la saba la mwaka 1857, na hilo ndilo ambalo dunia imelitafsiri zaidi. Kwa hivyo tunaposema "ngano za Grimm", aghalabu tunazungumzia maandishi yaliyopigwa msasa kwa miaka 45.

Je, msasa huo uliondoa nini?

Kwanza, uliondoa mambo ya mwili. Katika toleo la 1812, Rapunzel, msichana aliyefungiwa mnarani, anamuuliza mlezi wake kwa nini nguo zake zimeanza kumbana. Mtu mzima anaelewa mara moja: mwana wa mfalme amekuwa akipanda mnarani kila jioni, na binti ana mimba. Katika matoleo ya baadaye swali hilo limefutwa. Rapunzel anaropoka tu kwamba mlezi ni mzito kumvuta kuliko mwana wa mfalme. Siri inafichuka, lakini mimba haitajwi kamwe. Mapacha wanajitokeza mwishoni kana kwamba wameanguka kutoka mbinguni.

Pili, ulimsafisha mama. Mwaka 1812 anayemwonea Schneewittchen wivu na kuamuru auawe ni mama yake aliyemzaa. Mwaka 1819 mama huyo anafariki mwanzoni mwa hadithi, na mke wa pili anachukua nafasi yake pamoja na dhambi zake. Vivyo hivyo, mwaka 1812 anayemshawishi mumewe wawatupe Hänsel na Gretel msituni kwa sababu chakula kimekwisha ni mama yao. Tulipofika toleo la nne, mwaka 1840, tayari amekuwa mama wa kambo.

Tatu, na hapa ndipo penye ajabu, damu haikupungua sana. Ni kweli kwamba ile ngano ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinja, mmoja akamchinja mwenzake, iliondolewa baada ya toleo la kwanza. Sidhani kuna mzazi atakayeililia. Lakini wale njiwa wanaowadonoa macho dada wa kambo wa Aschenputtel hadi wakawa vipofu hawamo katika toleo la 1812. Waliongezwa mwaka 1819, wakati uleule ambapo kitabu kilikuwa "kikifanywa kifae" watoto!

Ukiyaweka mabadiliko haya bega kwa bega utaona kwamba kipimo hakikuwa hofu ya mtoto. Mtoto anayeogopa giza hatalala vizuri zaidi kwa kusikia kwamba macho ya mtu yamedonolewa. Kipimo kilikuwa haya ya mtu mzima. Kilichofichwa ni maswali mawili ambayo mzazi hakutaka kuulizwa kitandani: mtoto hutoka wapi, na je, hata wewe mama uliyenizaa unaweza kunitupa?

Sasa twende Bura. Nasema Bura ya Tana River, si ile ya Taita. Niliwahi kufundisha Kiswahili huko, na sijapata kuona mahali panapofaa zaidi kuzijaribu ngano. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianzisha mradi mkubwa wa kunyunyizia mashamba maji ya mto Tana ili pamba ilimwe. Familia zililetwa kutoka pembe nyingi za Kenya zikapewa mashamba na nyumba. Zilikuta Waorma wanaolisha ng'ombe, na Wapokomo, Wamunyoyaya na Wamalakote wanaoishi kwa mto. Mpango ulikuwa wa hekta 6,700. Zilizolimwa hasa zilikuwa takriban 2,500. Kabla miaka ya 1980 haijakwisha, mitambo ya kusukuma maji ilikuwa ikikwama mara kwa mara na mashamba yakikauka. Kilichostawi bila kubembelezwa ni mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa kuzuia jangwa ukaishia kuziba njia na malisho.

Kwa sababu ya historia hiyo, darasa moja la Bura huwa na watoto wa Kiorma, Kipokomo, Kisomali, Kikamba, Kikuyu, Kiluo na wengineo, na kila mmoja ameletewa ngano na nyanya yake. Ukisema "Paukwa!" wote wanaitika "Pakawa!", lakini baada ya hapo kila mtu ana fisi wake.

Siku moja tulisoma Hänsel na Gretel katika kitabu cha ziada, tafsiri iliyotokana na lile toleo la mwisho. Watoto waliufahamu msitu upesi: waliuona kuwa ni mathenge. Waliangua kicheko tulipofika mahali ndugu hao wanapovushwa maji na bata. Mto wanaoujua wao una mamba, na bata mwenyewe hana hakika ya kufika ng'ambo. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na baba yao alikuwa wapi?"

Lilikuwa swali la kihakiki kuliko mengi niliyoyasikia kwenye makongamano. Baba alikuwepo. Tulirudi kwenye maandishi tukamtafuta. Mke anapendekeza watoto watupwe. Baba anasitasita, kisha anakubali. Anawapeleka msituni. Tena ni yeye anayefunga tawi kwenye mti mkavu ili upepo ukilipigapiga watoto wadhani ni shoka la baba yao, kumbe hayupo. Mwishoni watoto wanarudi nyumbani na vito vya thamani, wanamkuta mama wa kambo amekwisha kufa, na baba anawakumbatia. Hakuna anayemwuliza lolote. Kalamu iliyompa mama adui wa kubeba lawama zake ilimwacha baba apite mlango wa nyuma.

Swali hilo lilizaa jingine. Mvulana mmoja alisema yeye analelewa na mama mdogo, na hajawahi kutupwa popote. Hapa ndipo jambo hili linapogusa lugha yetu moja kwa moja. Katika nyumba nyingi za Bura, mke mwingine wa baba haitwi "mama wa kambo". Ni mama mdogo au mama mkubwa, kutegemea alivyoingia nyumbani. Anapika chungu kimoja, anatuma, anagombeza, anamfunga mtoto kidonda. Mama akifariki, mara nyingi ni yeye au shangazi anayeshika watoto. Neno "kambo" kwetu hutaja uhusiano usio wa kuzaa, basi. Halikuwa tusi. Ila mtoto akilisoma mara kumi katika vitabu kumi, na mara zote kumi likaandamana na sumu, njaa na wivu, neno linaoza. Siku mama mdogo atakapomnyima ruhusa ya kwenda mtoni, mtoto atakuwa tayari ana hadithi ya kumweleza kwa nini.

Sisemi kwamba ngano zetu wenyewe ni safi. Mke mwenza mwenye roho mbaya yumo tele katika ngano za Afrika Mashariki. Lakini katika ngano hizo wivu huwa na sababu ambayo hadhira inaijua: urithi, mume mmoja, utasa, mtoto anayependelewa. Mama wa kambo wa 1840 hana sababu hata moja ya pekee. Sababu aliyonayo ni ya yule aliyemtangulia, nayo ni njaa.

Na njaa ndiyo hasa iliyopotea katika uhariri huu. Mtoto wa Bura hahitaji kuelezwa njaa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe ililala kando ya barabara. Watu wazima waliamua mambo magumu: nani apelekwe kwa jamaa mbali, nani aache shule, nani ale kwanza. Ngano ya 1812 inasema jambo la kutisha lakini la kweli, kwamba njaa ikizidi inaweza kumvunja hata mama. Ngano ya 1840 inasema jambo jepesi na la uongo, kwamba kulikuwa na mwanamke mmoja mbaya, akafa, mambo yakawa shwari. Ya kwanza inamwogopesha mtoto, ndiyo, lakini inamwachia nafasi ya kuwaelewa wazazi wake. Ya pili inamtuliza kwa kumwonyesha mtu wa kumchukia.

Msomaji huenda akadhani huu ni ugomvi wa Wajerumani, hautuhusu. Wajerumani wenyewe walifika Tana zamani. Usultani wa Witu ulikuwa chini ya himaya yao kuanzia 1885 hadi 1890, na wamishonari wa Neukirchen walianza kazi kwa Wapokomo, huko Ngao, mwaka 1887. Mwaka 1913 Alice Werner, msomi Mwingereza wa lugha za Kiafrika, alichapisha makala kuhusu masimulizi na mila za Wapokomo katika jarida la Folk-Lore la London. Yaani ngano za mto huu zimo katika maandishi kwa zaidi ya karne moja. Ila ziliandikwa kwa ajili ya wasomi, na mtoto wa Bura leo ni rahisi zaidi kumpata Schneewittchen maktabani kuliko kupata ngano iliyosimuliwa Ngao.

Pwani yetu pana ina mfano mwingine, na huu unatufunza kwamba kumwandikia mtoto si lazima kumdanganya. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishonari wa Zanzibar ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mjini London Swahili Tales, ngano za Kiswahili zilizosimuliwa na watu wa Zanzibar, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Mojawapo inahusu maskini aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anasema kama binadamu. Anampatia bwana wake almasi, mke ambaye ni binti wa sultani, na jumba kubwa alilolipata kwa kumuua nyoka wa vichwa saba. Kisha paa anaugua. Anamwita bwana wake, bwana hainuki. Anaomba chakula, bwana anaamuru apewe uji wa mtama mbaya. Ya nini kuhangaika na mnyama aliyenunuliwa kwa thumuni? Paa anakufa kwa huzuni, anatupwa kisimani. Mke, kwa uchungu, anampelekea baba yake habari, na sultani anakuja na watu wake kumtoa paa kisimani na kumzika kwa heshima. Usiku ule mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Mume anaota anachakura jaani, anaamka yuko jaani.

Waswahili husema fadhila ya punda ni mateke. Hapa aliyepiga mateke ni mtu, na aliyepigwa ni mnyama. Ngano hii ilipoingia katika kitabu cha watoto cha Andrew Lang, The Violet Fairy Book, mwaka 1901, mwisho huo mchungu haukuguswa: paa alikufa, na mtu akarudi jaani. Watoto wa Uingereza waliusoma, na hakuna aliyedhurika.

Nalitaja hilo kwa sababu mhariri mmoja, sitamtaja wala kampuni yake, aliwahi kuniomba niibadilishe ngano hiyo nilipoiandika upya kwa wanafunzi wa darasa la tano. Alitaka paa apone na bwana wake aombe msamaha. "Watoto watalia," alisema. Nilimwambia kwamba kulia ndiyo kazi ya ngano hiyo. Mtoto akimlilia paa, amekwisha kujifunza shukrani bila kuulizwa swali la ufahamu. Paa akipona, tutakuwa tumemfundisha kwamba unaweza kumnyima mgonjwa uji mzuri, kisha ukasema pole, na jumba likabaki lako. Hatukuelewana, na muswada ninao mpaka leo.

Kuna hoja ya upande wa pili, tena nzito. Wataalamu wa fasihi simulizi watanikumbusha kwamba hakuna ngano iliyo na umbo moja asilia. Kila fanani hubadilisha. Nyanya akiona mjukuu ameanza kutetemeka, humlegeza zimwi au humtia sungura mapema. Kwa nini basi Wilhelm Grimm alaumiwe kwa kufanya kile ambacho kila nyanya hufanya?

Tofauti ni hii. Nyanya humtazama mtoto mmoja aliye mbele yake, usiku mmoja. Mwaka kesho mtoto akikua humpa kipande alichomfichia. Tena nyumba ya pili kuna nyanya mwingine mwenye ngano ileile kwa mwisho tofauti, na watoto wakikutana hubishana. Kitabu hakina macho. Kikishachapishwa, mabadiliko ya mtu mmoja huwa ndiyo ngano yenyewe kwa vizazi vyote na kila mahali, kutoka Kassel hadi Bura. Hakimpi mtoto sehemu iliyobaki akishakua, kwa sababu hata mwalimu wake hajui kwamba kuna sehemu iliyobaki.

Kwa hivyo siwaombi wachapishaji wamrudishie mtoto wa miaka saba mimba ya Rapunzel au mchezo wa kuchinja. Kupunguza kuna mahali pake. Ninachopinga ni kupunguza kunakohamisha lawama: kumtoa mwenye kosa na kumtia mwingine asiye na wa kumtetea. Mhariri anayeona kwamba mama mwenye kutupa watoto ni mzito mno kwa darasa la tatu anaweza kuiweka ngano hiyo kando mpaka darasa la saba. Hana haja ya kumkodisha mama wa kambo.

Ninapendekeza mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni la wachapishaji: ngano ya kale ikibadilishwa kwa ajili ya watoto, ukurasa wa mbele useme hivyo kwa sentensi mbili tatu. Iandikwe ilitoka wapi, nini kimeondolewa, nini kimeongezwa. Mtoto anaweza kuuruka ukurasa huo, lakini mwalimu ataupata. La pili ni la walimu, hasa wa shule kama za Bura ambako lugha saba huketi dawati mojamoja. Mkimaliza kusoma ngano ya kigeni, waulizeni watoto kama kwao kuna inayofanana nayo, na huko kwao mkosaji ni nani. Waandike majibu kwa Kiswahili. Baada ya mihula miwili mitatu shule itakuwa na mkusanyiko wake, wenye akina mama wadogo wanaofanana na wale walio nyumbani, na akina baba ambao wanaulizwa walikuwa wapi.